Mlango wa Jikoni

Nyinyi madereva mliobaki pale hospitalini mmenisumbua vya kutosha. Tangu mgongo wangu ukatae kazi mnaniambia, andika, mzee, andika kabla hujasahau. Sijasahau kitu. Niliacha shule darasa la nne, na ndiyo sababu kichwa changu bado kina nafasi.

Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, ulizeni ofisini. Mimi nitaandika juu ya gari, barabara, Mzee Njeru, na mlango wa jikoni. Hasa huo mlango, kwa sababu nimesikia mmoja wenu akiuliza kwa nini dereva mzima azunguke na mgonjwa nyuma kwenye moshi wa kuni, na huku mbele kumewekwa lami.

Nilizaliwa Kibirichia, kwenye viazi. Baba alituacha tukiwa wadogo, na mimi nikawa turniboi wa lori kabla sijaota ndevu. Hakuna mtu aliyenifundisha kuendesha. Nilikuwa naangalia miguu ya dereva, mguu wa klachi na mguu wa breki, siku nzima, mpaka nikawa naota miguu. Siku moja dereva alizidiwa na pombe huko Kiirua, mwenye lori akauliza nani anaweza kurudisha gari, nikasema mimi. Nikalirudisha. Wengine wanaenda chuo kusomea hayo. Leo nina kanta yangu mwenyewe, lori dogo la kubeba viazi, niliyonunua bila mkopo na bila mjomba serikalini, na kanta hiyo itaingia katika habari hii msipochoka kusoma.

Hospitali yetu ya misheni ilinichukua kwa sababu nilikuwa najua kupanda matope ya juu bila cheni. Dereva mkuu alikuwa Mzee Njeru, Mmbeere wa upande wa Siakago, mtu mfupi aliyekalia mto ili aone barabara. Siku ya kwanza nilifika nimepaka viatu rangi, nikitarajia usukani. Akaniambia nilale nyuma kwenye machela. Nikadhani ni mzaha. Akanifunga mkanda, akafunga mlango, akaendesha mpaka Kiirua kwa ile barabara ya zamani yenye mashimo, akageuza, akarudi. Aliponifungulia nilikuwa nimeuma ulimi.

"Sasa umejua gari linaendeshwa kwa ajili ya nani," akasema. "Kesho utashika usukani."

Vifaa vyake vilikuwa vichache, na mpaka leo navitaka kwenye gari. Kamba ya katani. Fimbo ndefu ya kupima maji ya mto kabla hujaingia. Blanketi zito. Beseni. Na leso mbili safi kila siku, moja ya kutandika chini ya mgonjwa na moja ya kumfunika, kwa sababu, alisema Njeru, shuka la hospitali kila mtu analijua, lakini mwanamke aliyejifunika leso ni mwanamke tu anayesikia baridi. Redio hizo mnazoning'iniza siku hizi ni nzuri. Redio haijawahi kumfunika mtu.

Kisha akanionyesha mlango wa jikoni.

Mnalijua benchi la mbele, lile refu chini ya mabati. Wakati huo lilikuwa refu zaidi. Anayekaa pale ni nani? Ni mama wa kwaya aliyeleta presha yake, ni mzee wa kanisa na goti lake, ni mwalimu wa shule ya Jumapili na mtoto wa kikohozi. Mtu mwenye nimonia akipita mbele yao, wanamwombea. Lakini akipita mwanamke anayevuja damu na tumbo halionekani, hakuna anayesema neno. Wanaangaliana. Kabla ya ng'ombe kukamwa jioni, habari imefika kwao ikiwa imevalishwa nguo.

"Huko nilikokuwa zamani nilimpitisha mmoja mbele," Njeru aliniambia, akifuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. "Nilikuwa kijana kama wewe, najiona. Alitibiwa, akapona. Akarudi nyumbani akakuta sufuria zake zimetolewa nje ya boma. Nilimbeba tena kabla mvua haijaisha, na mara hiyo sikuwa na haja ya kukimbia."

Kwa hiyo yeye akaanza kuzunguka nyuma. Ukifika kona ya mikaratusi unapiga honi mara mbili fupi. Nesi wa zamu anasikia, anafungua mlango wa jikoni, na kutoka pale hadi thieta ndogo ya upasuaji ni ukumbi mfupi usio na benchi. Wapishi wanageukia sufuria zao. Mgonjwa amefika, na hakuna aliyemwona.

Sheria yake nyingine ilikuwa fupi zaidi. Dereva haulizi. Usiulize ni nini, usiulize ni nani, usiulize ilianzaje. Anayejua hulazimishwa kusema. Asiyejua anaendesha.

Nataka niweke jambo moja wazi, kwa sababu liliharibiwa sana baadaye. Hospitali yetu haikutoa mimba. Ilikuwa ya kanisa, picha ya Bikira Maria ilikuwa mapokezi, na Sista Lusia aliyeisimamia alikuwa mtu wa rozari. Lakini wanawake walikuwa wakiletwa wakiwa tayari wameharibika. Wengine mimba ilikuwa imetoka yenyewe baada ya kubeba gunia. Wengine walikuwa wamekwenda kwa watu fulani, au wamejifanyia wenyewe mambo ambayo sitayaandika hapa. Niliwabeba wa shule na sare zao. Niliwabeba walio na wajukuu. Mmoja nilimbeba kutoka Siakago nilipokuwa nimetumwa huko, na safari yote alikuwa akiimba polepole, na tulipofika Embu hakuwa anaimba.

Sista Lusia aliulizwa na padri mmoja mgeni kwa nini anawapokea. Nilikuwa pale, nikijaza maji kwenye gari. Akajibu bila kuinua sauti: "Padri, mimi siulizi damu ilianzaje. Nataka isimame."

Basi miaka ikaenda hivyo. Njeru akastaafu, akarudi kwao kufuga mbuzi, na mimi nikawa dereva mkuu. Hakuna dereva wa pande hizi, kutoka Timau hadi Embu, aliyekuwa akilijua gari kama mimi, na sioni kwa nini nisiseme hivyo na ni kweli.

Kisha ikaja habari ya katiba mpya. Nyinyi mlikuwa watoto. Kura ya ndiyo ilikuwa ya kijani na ya hapana nyekundu, na huku kwetu kanisani kulikuwa kwekundu kweli kweli. Tuliambiwa kwamba kijani ni kuua watoto tumboni. Mimi mwenyewe nilipiga nyekundu, na kesho yake asubuhi nikambeba msichana kwa mlango wa jikoni, na wala sikuona kama nimejipinga. Kura ni kura na damu ni damu.

Katiba ikapita. Ilisema uhai unaanza mimba inapotungwa, na kutoa mimba hakukubaliwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa aone kwamba matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Na ile sheria ya zamani ya jinai ikabaki pale pale, miaka kumi na minne kwa anayemtoa mwenzake mimba, saba kwa mwanamke mwenyewe. Kila mtu akashika kipande chake. Wa kanisa akasoma mwanzo, daktari akasoma mwisho, polisi akasoma ile ya zamani. Manesi wetu walikuwa wakiuliza kwenye chai, sasa mtu akija anavuja nimguse au nisimguse? Nesi Nkatha peke yake ndiye hakuuliza. Alikuwa mrefu, mwepesi wa mkono, anavaa kofia ya sufu chini ya ile ya unesi kwa ajili ya baridi, na akisikia honi zangu mbili alikuwa mlangoni kabla sijavuta breki ya mkono.

Hapo ndipo mwanasiasa mmoja, jina lake silitaji kwa sababu bado anatafuta kura, aliposimama kwenye harambee ya kujenga kanisa akasema kuna hospitali ya misheni hapa hapa ambayo wasichana wanaingizwa kwa mlango wa jikoni wakiwa wawili na wanatoka mmoja. Watu wakashika midomo. Nani hakuwa ameona gari la wagonjwa likizunguka nyuma? Kile tulichokifanya miaka yote ili mtu asiaibishwe, sasa kikawa ndicho ushahidi kwamba tunaficha dhambi. Ungewezaje kujieleza? Kueleza sababu ya mlango ni kuwataja waliopita.

Wakubwa wa kanisa walimwambia Sista aufunge. Akawajibu kwamba kuni za hospitali haziwezi kupitia mapokezi. Mlango ukabaki.

Sasa nifike kwa Gatwiri.

Huyu alikuwa mama wa watoto wanne huko Kibirichia, watu walimwita Mama Kendi. Mume wake alikuwa na kibarua Nanyuki na alikuja nyumbani akipenda. Siku hiyo ilikuwa asubuhi, ukungu umelala shambani, na mwalimu jirani yao akapiga simu hospitalini kwamba kuna mama anakufa. Nikapanda. Nilipofika nilimkuta amelazwa kwenye stoo ya viazi, juu ya magunia, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, ameshika jembe kama mtu anayelinda kitu.

"Rudi na gari lako," akaniambia. "Hapa hakuna mgonjwa."

"Mama, nimeitwa."

"Hujaitwa na mimi. Ukimpeleka huko polisi watamchukua, na hawa watoto nitawalisha na nini? Akifia hapa, amekufa na ugonjwa. Akifia huko, amekufa na jina."

Nilikuwa nimeona mengi lakini hilo lilinisimamisha. Halikuwa neno la mtu mbaya. Alikuwa amepiga hesabu yake na jibu lilikuwa hilo.

Nikamwambia, "Mama, wewe unakuja kwetu kuchukua dawa ya presha. Unakaa kwenye benchi letu kutoka asubuhi. Umewahi kuniona nikileta mwanamke wa namna hii?"

"Hapana."

"Nimewaleta wengi na wewe umekaa pale pale. Mimi ndiye dereva anayejua kupita."

Aliniangalia sana. Kisha akalaza jembe chini, akaingia, akashika miguu, na mimi nikashika mabega.

Tulishuka. Barabara ilikuwa utelezi, na mnajua kwenye utelezi mwenye haraka anafika mtaroni. Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai, na nyuma nilikuwa nikisikia pumzi yake. Tukipita karibu na Kiirua akaniita.

"Dere."

"Niko hapa, Mama Kendi."

"Nikifa, usimwambie mama kile nitakachosema sasa."

"Usiseme basi," nikamwambia. "Weka nguvu. Tunakaribia."

Pumzi yake ikawa fupi. Kwenye kona ya mikaratusi nikapiga honi mbili.

Nilipozunguka nyuma niliona wanaume wawili wamekaa kwenye magunia ya viazi karibu na mlango wa jikoni, kama wachuuzi wanaongoja mpishi. Mimi ni mtu wa viazi. Gunia moja lilikuwa wazi na viazi vyake vilikuwa vimeota, machipukizi marefu kama vidole. Hakuna mtu wa Kibirichia anayeleta viazi vilivyoota kuuza hospitalini, hiyo ni mbegu. Na viatu vyao vilikuwa vyeusi, vizito, vya kufanana. Nikajua ni askari.

Fikirini mahali nilipokuwa. Nikigeuza niende mbele, ni kuzunguka jengo lote, kumtoa, kumpitisha kwenye benchi, kumvusha ukumbi mzima hadi thieta. Mwanamke huyo hakuwa na muda huo. Nikisimama pale, ninamkabidhi. Njeru hakunifundisha mlango wa tatu. Nikavuta breki, nikashuka, nikafungua nyuma. Nesi Nkatha alikuwa tayari mlangoni. Nikamwambia kwa Kimeru, sauti ya chini, kwamba wale si wa viazi. Aliwatazama mara moja tu.

"Nimeona," akasema. "Shika upande wa kichwa."

Angeweza kurudi ndani. Kila mmoja wetu angemwelewa, alikuwa na watoto wake na mkopo wa shamba. Alishika machela akaingia naye.

Wale wawili wakangoja aanze kazi, kisha wakanyanyuka. Walimkuta Sista Lusia amesimama mbele ya mlango wa thieta, mikono ndani ya mikono ya joho lake. Mkubwa wao akatoa kitambulisho, akasema wana habari kwamba kuna kosa linatendeka humo ndani.

"Karibuni," Sista akasema. "Lakini hapa hakuingiwi na viatu vya nje. Mtavaa ndara za thieta."

"Ziko wapi?"

"Ni jozi mbili. Nesi amevaa moja, msaidizi wake amevaa nyingine. Wakitoka mtavaa."

Afande akaangalia viatu vyake, na tope la jikoni. Nilidhani atamsukuma. Mwenzake, kijana aliyevaa rozari shingoni, akainama akaanza kufungua kamba za viatu, na mkubwa wake akamwambia kwa hasira aache upuzi. Lakini hakuvuka. Wakakaa hapo, na sisi tukakaa hapo, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa vyombo vikigongana kwenye beseni. Nilikuwa nikimhesabia Nkatha kila mgongano.

Akatoka. Alivua glavu, akasema, "Ataishi," akimwambia Sista, si askari. Kisha akavua zile ndara, akaziweka sawa mbele ya afande, kisigino kwa kisigino.

"Haya. Sasa mnaweza kuingia."

Walimchukua hivyo hivyo na kofia yake ya sufu. Walichukua pia sirinji zake kubwa za kusafishia tumbo la uzazi, ambazo kila hospitali inazo kwa ajili ya mimba zilizotoka. Kwenye Land Rover yao alikaa nyuma, na mimi nilisimama na leso yenye damu mkononi sijui niiweke wapi.

Gatwiri wakamwekea polisi wa kike kando ya kitanda. Alipoanza kuketi, walimwambia habari yake kwa ufupi. Ukisema ulikuja mzima na nesi ndiye aliyekutoa, wewe ni shahidi, unalala nyumbani na watoto wako. Ukisema vingine, basi wewe ndiwe mshtakiwa. Alikuwa hata hawezi kushika kikombe. Akaweka kidole kwenye karatasi walipoonyesha.

Nkatha alipata dhamana lakini alisimamishwa kazi, na kesi ikaanza Meru mjini. Mimi niliitwa mapema. Nilivaa koti langu la harusi. Sikuwa na woga wowote, mtu aliyevuka mito iliyojaa haogopi sanduku la mbao. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama kuna mlango wa jikoni. Nikasema upo. Nimepitisha wanawake hapo? Ndiyo. Wengi? Wengi. Kwa nini, si hospitali ina mlango wa mbele? Nikasema, ili wasionekane. Akageuka akawatazama watu waliojaa nyuma, akarudia polepole, ili wasionekane, akaniambia asante, nikae chini. Nilisema kweli tupu, na nikaiona kweli yangu ikigeuka pale pale kuwa kitu kingine mkononi mwa mtu mwingine. Wakili wa Nkatha alijitahidi kuirudisha. Ilikuwa imeshatoka nje.

Sasa ilibaki Gatwiri. Akisema yale aliyowekea kidole, Nkatha ameenda, na watu walikuwa wakitaja ile miaka kumi na minne kama mtu anavyotaja umri wa mtoto wake.

Nilimkuta siku ya soko Kiirua, ameketi nyuma ya madebe yake ya viazi. Sikumfuata. Nilikuwa nimepeleka kanta kuongezwa upepo.

"Dere," akaniita. "Walikuuliza nini?"

"Waliuliza kuhusu mlango."

"Ukasemaje?"

"Nikasema upo."

Akapanga viazi upya, vikubwa juu. "Mimi wameniambia nikisema ni nesi, nitalala nyumbani. Na unajua dere, ile siku—"

"Usiniambie, Mama Kendi. Mimi ni dereva."

"Kwa nini wewe huulizi? Kila mtu ananiuliza. Padri ameniuliza, mama ameniuliza, mume wangu amepiga simu kutoka Nanyuki, yeye ambaye hapigi, akaniuliza."

"Kazi yangu hairuhusu."

"Inaruhusu nini?"

"Kuendesha."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Basi siku hiyo uje unichukue. Sitaki kuenda kortini kwa gari la polisi."

Nikaomba likizo ya siku hiyo. Nikaosha kanta mpaka kwenye magurudumu. Tulishuka Meru, yeye, mama mkwe wake na mimi, na mpaka tunafika sikujua ningemrudisha au la. Nadhani hata yeye hakujua.

Korti ilikuwa imejaa. Kwaya nzima ilikuwepo, na watu wa rozari, na upande mwingine kina mama wachache wa shirika fulani la sheria kutoka Nairobi waliovaa suti. Nkatha alikuwa kizimbani, bila kofia yoyote, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi. Gatwiri akaapa. Mwendesha mashtaka akaanza kwa sauti ya upole, akamwuliza siku ile alifika hospitalini akiwa katika hali gani.

"Nilifika nikifa," akasema.

Akamwuliza tena, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Hakimu akaingilia, akamweleza Gatwiri kwamba asijibu kitu cha kumtia yeye mwenyewe hatiani, akamwuliza kama anaelewa.

"Naelewa, mheshimiwa. Lakini nimetoka mbali, wacha niseme. Ile dawa nilikunywa mwenyewe. Nyumbani kwangu, kwenye stoo, kabla gari halijaitwa. Huyu nesi sijawahi kumjua. Alinikuta nimeisha, akanirudisha. Mkimfunga yeye, mnamfunga aliyenirudisha."

Nilimtazama mama mkwe wake, alikuwa anaangalia sakafu. Nilimtazama Nkatha, alikuwa anatikisa kichwa polepole kumwambia Gatwiri anyamaze, na machozi yanamtoka.

Walimkamata mlangoni, hata hajafika kwenye ngazi. Alilala seli.

Kesho yake alisomewa shitaka lake mwenyewe, na hakimu akakubali dhamana kwa mdhamini mwenye mali. Mume hakuja. Shamba lilikuwa kwa jina la marehemu babu. Mama mkwe alikuwa amefika na kikapu, ndani yake mukimo wa viazi umefungwa kwa kitambaa, akisimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyepotea sokoni. Karani akauliza nani anamdhamini. Nikatoa logbook, hati ya umiliki ya kanta yangu, nikaiweka juu ya meza yao. Gari zima, bila deni. Karani akauliza mimi ni nani kwake.

"Dereva wake," nikasema.

Niwaambie mwisho wa kesi ili msiniulize. Nkatha aliachiliwa baadaye, hakimu alisema hana kesi ya kujibu, akarudi kazini na ndiye aliyewafundisha nyinyi kubeba machela. Ya Gatwiri ilikaa zaidi. Miezi mingi kila gari la serikali likipanda Kibirichia watoto wake walikuwa wanaingia ndani bila kuambiwa. Mwishowe iliondolewa, na logbook ikarudi na doa la chai ya mtu. Padri hakukubali na hajakubali, na wale kina mama wa suti hawakukubaliana na padri, na mimi bado ni Mkatoliki. Mabishano hayo nawaachia wenye shule.

Lakini nataka mjue habari ya siku ile ya dhamana. Gatwiri alitoka seli akiwa na kizunguzungu, nikaona afadhali apimwe kabla ya kupanda mlimani. Tulikaa watatu mbele kwenye kanta, mama mkwe katikati na kikapu magotini, Gatwiri dirishani. Tulipofika kona ya mikaratusi mkono wangu ukaenda kwenye honi wenyewe. Nikapiga ya kwanza.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza.

"Wafungue nyuma."

"Nani amekuambia nyuma?"

"Gatwiri," mama mkwe akasema polepole, "ni siku ya kliniki. Benchi limejaa watu."

"Najua, mama. Jana walikuwa kortini hao hao." Akateremsha kioo. "Dere, pita mbele."

Honi ya pili sikuipiga. Nikaingiza kanta getini, nikasimama mbele ya mabati, mahali ambapo sikuwa nimewahi kumteremsha mwanamke wa habari hiyo tangu nianze kazi. Nikazunguka nikamfungulia. Mama wa kwaya alikuwepo, na mzee wa kanisa na goti lake. Mama mkwe akashuka nyuma yake, akavuta leso yake mwenyewe kutoka mabegani, akataka kumfunika. Gatwiri akaikunja akamrudishia.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Nkatha, bila sare, kwa sababu bado alikuwa amesimamishwa, amekuja kupimwa presha kama mtu mwingine yeyote. Hakusimama. Alisogea tu, akamwachia nafasi. Aliyekuwa kando yake ikabidi asogee pia, na wa pili, na wa tatu, mpaka mzee wa kanisa aliye ncha ya pili ya benchi akalazimika kusimama na goti lake. Gatwiri akaketi.

Basi, vijana, mlango wa jikoni upo na utakaa. Bawaba zitieni mafuta, hakikisheni kuni hazipangwi mbele yake, na leso ziwe mbili. Njeru alisema dereva haulizi, na sijaona sababu ya kumpinga. Nimeongeza swali moja tu, na mliulize mapema, kabla ya kona, mgonjwa akiwa bado na nguvu ya kujibu: mama, tupite wapi?